Masalio ya Kikwembe cha Anne-Marie

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wanawake wa mtaa walitandika mkeka barazani kwa Mama Marceline, fundi wa cherehani pale Kalemie, na kumwaga juu yake masalio ya vikwembe vyao, vitenge vya kujifunga. Walichanganya cha huyu na cha yule, wakashona blanketi za watoto wachanga wa materniti. Ilikuwa miaka ya Zaire, na madukani zilibaki rafu tu.

Walishona bila kuinua macho, kwa sababu kipande kisichoshonwa na kingine kabla ya jua kuzama hurudi kwenye nguo kilikokatwa. Kilitambaa chini, na watu waliokaa njiani waliondoa miguu kipite.

Jumamosi moja Odile alileta masalio ya kikwembe cha mama yake, Anne-Marie, aliyefariki mwezi uliopita. Kilikuwa cha kijani chenye ndege, na wote walijua amezikwa nacho. Emilie, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemwosha na kumvika. Odile hakuthubutu kuingia chumbani siku ile. Alibaki nje akipokea wageni.

"Mama mudogo, kamata hiki," Odile alisema, akimpa Emilie kipande.

"Macho yananiuma." Emilie aliinuka, akaenda kwake.

"Macho ya Emilie yanauma siku ya kazi tu!" alisema Mama Marceline, na wengine wakacheka.

Jua lilipozama kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha kijani. Odile alifunga kitambaa kichwani akakifuata, maana alitaka kukisindikiza mpaka kaburini. Kilipita stesheni, kikafika kwenye njia ya makaburi, kikaiacha, kikakata kushoto. Kikaingia chini ya mlango wa Emilie.

Emilie alikuwa ameketi kitandani. Kipande kilikuwa kikikwaruza sanduku la bati, na Odile akakifungulia. Nguo ilikuwa ndani, imekunjwa vizuri. Kipande kikajilaza kwenye pindo lake.

"Mulimuzika na nini?" Odile aliuliza.

"Na pazia ya jikoni."

Odile akaketi chini.

"Nguo hii ilikuwa mupya, Odile. Udongo ungeikula bule. Si njo tunasema kila siku pale kwenye mukeka, kitambaa hakitupwe?"

"Ulimuvua mama."

"Nilimuvua. Kama ungeingia, ungeniona."

Odile akainuka. Alifunga sanduku, akaaga kama mgeni.

Emilie alivaa ile nguo Jumapili, kwenye misa, na Jumapili zilizofuata. Ilimkaa vizuri. Wanawake waliitambua, wakamsogezea nafasi kwenye benchi, wakaangalia vitabu vyao vya nyimbo. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa lawama ingemwangukia Odile pia, aliyebaki nje siku ile.

Nyumbani, nyuma ya mlango wa jikoni, Odile alipata ukanda mwembamba uliokatwa kwenye lile pazia zamani, lilipokuwa refu mno. Aliuweka sakafuni akangoja. Jua lilipozama ukanda ulitoka nje, ukashika njia ya makaburi, naye akaufuata, macho chini.

"Unaenda wapi na pazia, Odile?" jirani yake Gaspard alimtania.

"Kwa mama," alijibu, akaongeza mwendo.