Uji wa Nyamoita

Mwaka wa 1968 Ondieki alilazwa kwa kichomi katika hospitali moja ndogo karibu na Keumbu. Kila asubuhi mkewe, Nyamoita, alileta uji, akasimama mlangoni, akamkabidhi muuguzi, akaondoka. Ndani hakuingia.

Ondieki akajua. Au alidhani anajua. Kwetu tunasema amasangia: mke aliyetoka nje ya ndoa akimkaribia mumewe mgonjwa, mume anakufa. Basi kitandani akaanza kuwapitia akilini wanaume mmoja mmoja: mwenye lori la ndizi, mwalimu wa kwaya, hata binamu yake. Sindano akaikataa.

"Nipone nirudi kulala na mke wa nani?"

Daktari Alfayo, Msabato kindakindaki, akamwita Bosibori, mama wa mitishamba. "Kifua nitakiweza, mama. Hicho kingine ni chako."

Bosibori akamwita Nyamoita, aliyeishia mlangoni. "Taja jina, mwanangu, nikusafishe, mumeo akubali sindano."

"Sina jina."

"Mbona huingii?" Ondieki akafoka, akakohoa.

"Mama yako alinionya. Ukifa nikiwa kando yako, mimi ndiye nimekuua. Nikiingia, malaya. Nikikaa nje, malaya. Nifanye nini, Baba Onsongo? Nipae?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mshono.

Na Ondieki mwenyewe, mwenye hawara kule Ogembo ambaye soko zima lilimjua? Hakuna aliyemdai jina. Mila hii ilitungwa na nani, kama si waume? Nimeuliza hivyo barazani miaka yote, nikaambiwa niketi.

Nyamoita akaingia. Akamimina uji, akanywa nusu, akamsogezea kikombe mdomoni.

"Kunywa. Kama nina mtu, ufe sasa hivi. Daktari yupo, mganga yupo, mashahidi ndio hawa."

Ondieki akamtazama Bosibori kama mtoto anayeomba kutetewa.

"Usinitazame mimi," bibi akasema. "Dawa yangu haifui nguo iliyotakata."

Ondieki akanywa. Kisha akageuka ubavu, Alfayo akamdunga sindano.

Alipona. Siku aliyoruhusiwa, akitembea amemwegemea mkewe, alimwomba aape tena, safari hii kwa Biblia, mbele ya mchungaji.

Nyamoita akaliondoa bega lake, akamwacha amesimama barabarani, akashika njia ya kwao Nyamira.