Pengwini wa Mlango wa Jikoni

Leandro aliziba lile shimo kwa nia njema. Alikuwa amekuja kutoka mji wa Rosario, mbali kaskazini, kumposa Yanina, binti wa kaka yangu Anselmo, na baridi ya Julai ilimkuta hana la kufanya kwenye shamba letu la kondoo, kando ya bahari ya kusini. Akaona shimo chini ya ngazi ya jikoni, akalijaza mawe na saruji, asije mgeni wa harusi akavunjika mguu.

"Lilikuwa tupu, Shangazi," aliniambia baadaye. "Na pengwini si wanaishi kwenye barafu?"

"Barafu gani, mwanangu? Hawa wetu wanakaa vumbini kama kuku. Baridi ikikaribia wanaogelea zao kaskazini kufuata samaki, wengine mpaka Brazili. Septemba wanarudi, kila mmoja kwake."

Septemba yule dume, mwenye shimo lile, akarudi. Alipanda kutoka ufukweni akiyumbayumba, akapita katikati ya kondoo bila salamu, akagonga saruji kwa mdomo. Kisha akaanza kulia. Pengwini wetu hulia kama punda, na huyu alilia tangu alfajiri mpaka giza.

Anselmo akaacha kusema na Leandro. Mezani alimgeukia Yanina: "Mwambie mchumba wako anisogezee chumvi." Na Leandro yuko mbele yake.

Yanina alicheka siku mbili tatu. Halafu hakucheka tena.

"Leandro, siolewi huku huyo analia mlangoni."

"Harusi ni leo, mpenzi."

"Basi harakisha."

Akapiga magoti na suruali yake ya harusi, nyundo mkononi. Pengwini alisimama kando yake, kimya, akiinamisha kichwa huku na huku kama fundi mkuu. Jiwe la mwisho lilipotoka, Leandro akaingiza mkono kufagia vumbi. Pengwini akamng'ata sawasawa, akaingia kwake.

Anselmo alikuwa ameegemea mlango.

"Mimi pia aliwahi kuning'ata," akasema. "Njoo nikufunge hicho kidonda, mkwe."

Pete ikavishwa mkono mwingine, na wageni tukawapitisha mlango wa mbele.

Jike wake alichelewa, kama kawaida yao majike. Asubuhi aliyotokea, Leandro ndiye aliyemwona kwanza. Akatuita kwa kunong'ona, tukatoka sote na vikombe vyetu, tukasimama mbali kidogo, wasije wakaona haya.