Ngumi Kutoka Mbavuni

Mshonaji alilazwa juu ya meza ya upasuaji, amefunikwa shuka la kijani, ubavu wa kulia umepakwa dawa ya kahawia. Muuguzi alimwombea kwa sauti ya chini kama alivyomwombea kila mgonjwa, kisha akampa daktari kisu. Kifua hakikupasuliwa. Daktari alifungua kitundu tu kati ya mbavu mbili, cha kupitisha kamera na vyuma vyembamba vya kutengenezea vali ya moyo wake.

Fundi akawasha mashine ya kusukuma damu, ikapokea kazi ya moyo. Daktari akabana mshipa mkuu, dawa baridi ikamiminwa ili moyo usimame na nyama yake isife kwa kukosa damu. Moyo ukalala. Hapo ngumi ikatoka kwenye kitundu, ikampiga daktari mdomoni. Jino lilibaki ndani ya barakoa. Akaomba uzi.

Ya pili ilimpata fundi shavuni. Lililofuata lilikuwa teke. Daktari wa usingizi, mtu asiyeishiwa utani, aliuliza kama leo wamekuja kazini au ulingoni. Kabla hajajibiwa, kiwiko kilimvunja pua.

Fundi aligundua kwamba ngumi na mateke vilitoka kila dawa ilipoongezwa. Baridi ililegeza nyama ya moyo, nayo ikaachia ilichokuwa imekishikilia miaka yote ya ndoa. Mshonaji mwenyewe alikuwa ameeleza kwamba alama za mwilini ni za kuteleza bafuni. Fundi akashauri dozi inayofuata irukwe.

“Tukiruka, nyama inakufa,” muuguzi alisema.

“Tusiporuka, tunakufa sisi.”

“Basi kaa nyuma yangu, kaka. Mimina.”

Akasimama mbele ya kitundu. Alipigwa tumboni, kisha kifuani, kisha mkanda ukamchapa shingoni hadi ngozi ikachanika. Alipoanguka, daktari wa usingizi alishika nafasi yake, na baada yake fundi. Walipokezana hivyo, kama wachimba kaburi wanavyopokezana jembe, mpaka vali ikashonwa. Mshipa ukafunguliwa, damu ya moto ikaingia, moyo ukaanza kudunda wenyewe. Muuguzi akapangusa sakafu.

Mume alikuwa kwenye benchi la nje, amefumba macho, akiomba. Alikuwa akiomba kwelikweli. Alipoona nyuso zao zilivyovimba aliwapa pole, akamshika kila mmoja mkono. Kila mmoja aliutambua.

Mshonaji alipozinduka, muuguzi alimuuliza kama ana ndugu wa kukaa naye apone. Akajibu kwamba ana mume. Muuguzi akauliza tena, taratibu, huku amemshika vidole. Mshonaji akageukia ukutani.

Siku ya kuruhusiwa mume alikuja na blanketi jipya. Akataka kujua hali ya moyo.

“Nyama yake haikudhurika,” daktari alisema kupitia pengo la jino. “Sasa ni mwepesi, bwana. Moyo wenyewe una nafasi ya kustahimili mengi.”

Mume akasema hilo ndilo alilokuwa akimwomba Mungu.