Aliyelifufua Deni

Verlene Hatcher alipowashinda wakusanya madeni, mji wote wa Marietta, jimboni Ohio, ulipata habari, maana mtangazaji alikuwa yeye mwenyewe. Na kwa nini asitangaze? Kochi alilokopa dukani lililetwa limevunjika mguu, akalirudisha, duka likalipokea, kisha duka lenyewe likafa. Miaka ikapita. Deni la kochi lisilokuwepo likauzwa kama mtumba, kampuni hii kwa ile, mpaka likaangukia kwa watu wasiojua hata rangi ya kitambaa chake.

Hao ndio waliomwandikia alipe. Verlene ni mpishi wa shule, amezoea kelele, hatishwi na karatasi. Akawajibu mapema, kwa barua ya rejesta, ile inayosainiwa inapopokelewa: deni hili nalikataa, nithibitishieni kwa maandishi. Sheria ya Marekani iko wazi hapo. Ukishaandika hivyo kwa wakati, mkusanya deni aache kukudai mpaka alete uthibitisho. Kadi ya kijani ya posta ikarudi na sahihi yao, kwa hiyo barua waliipata. Wakafanya nini? Wakapiga simu! Wakapiga nyumbani, wakapiga jikoni shuleni, mwenyewe mikono imejaa unga. Jamani, kuna watu walizaliwa bila haya. Verlene akawa anaandika kila simu na jina la mpigaji, akapeleka malalamiko serikalini.

Halafu, ghafla, kimya.

"Umewaweza, mke wangu," alisema Roscoe, mumewe, dereva mstaafu wa malori. "Hawakujua wanamchokoza nani."

Basi majira yale ya joto Verlene alitembea kichwa juu. Kanisani, kwenye chakula cha pamoja, wanawake walimzunguka na sahani zao za saladi ya viazi, kila mmoja na mdai wake, naye akawafundisha: andika hivi, tuma kwa rejesta, wakikupuuza usichoke. Wengine aliwaandikia yeye. Roscoe alikuwa pale pale, anatafuna kuku, anaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo.

Kabla ya Krismasi mtu akabisha hodi na samansi. Ile kampuni imemshtaki. Wakishinda, watakata robo ya mshahara wake kila malipo, na ule mshahara ndio uliobeba nyumba, maana pensheni ya Roscoe ilikuwa ya kununulia chambo cha samaki tu.

"Naichana," Verlene alimwambia Nadine, mpishi mwenzake. "Barua yangu hawakuijibu. Hawana kesi."

"We Verlene, una wazimu?" Nadine alimnyang'anya karatasi. "Barua inazuia simu, haizuii mahakama! Usipojibu, hakimu anawapa ushindi bure. Wangapi wamelizwa hivyo hivyo? Vaa koti, twende kwa wakili."

Wakili wa msaada wa bure, Bi. Ostrander, alisoma kila kitu, akatabasamu. Kampuni ilikuwa imepuuza barua na kuendelea kudai, hilo peke yake lingewagharimu. Isitoshe, deni limepita miaka sita, kwa Ohio halishtakiwi tena. Akaandika majibu, akawashtaki na wao. Wiki mbili baadaye akampigia Verlene simu, na sauti haikuwa na tabasamu.

"Mama Hatcher, nambie ukweli. Umewahi kuwalipa chochote?"

"Hata senti."

"Wanasema mmelipa kwa simu, miezi kadhaa, kuanzia Mei. Ukilipa hata kidogo, deni lililokufa linafufuka. Fedha zimetoka akaunti ya R. Hatcher."

Pale jikoni shuleni, Verlene alikaa chini juu ya gunia la vitunguu. Mei ndipo simu zilipokoma.

Nyumbani, Roscoe hakukana. Alilia, na hilo lilimchoma Verlene zaidi. "Walikuwa wananipigia mimi mchana kutwa, Vee. Niliona niwatulize. Halafu wewe ukafurahi vile, unaimba jikoni... ningekwambiaje?"

"Ungefungua mdomo! Umeniacha nikawafundisha watu uongo, Roscoe. Umekaa pale unakula kuku, unanitazama."

"Hela zilipoisha nikadhani wataacha."

"Mjinga wewe."

Palikuwa na mlango mmoja tu, Bi. Ostrander alieleza. Deni ni la Verlene peke yake. Kama Roscoe alilipa bila kutumwa na bila mkewe kujua, malipo hayo hayafufui kitu. Inabidi asimame aseme hivyo. Roscoe akaapa, mkono juu ya meza ya jikoni, kwamba atasema.

Siku ya kesi nusu ya kanisa ilikuja. Ndiyo iliyomponza Roscoe. Alipoona nyuso zile, wachungaji na wavuvi wenzake, akaulizwa kama mkewe alijua, Roscoe Hatcher alikohoa, akatazama viatu.

"Alijua," akasema. "Tulikubaliana."

Verlene alimgeukia. Mtu anakula kiapo jikoni kwako, halafu anakuuza mbele ya hakimu ili asionekane mwongo!

Wakili wa kampuni, kwa furaha, akaomba wasikilize simu waliyoirekodi. Sauti ya Roscoe ikajaa chumbani: "Ndiyo, mke wangu karidhia." Wakili akazima.

"Iendelee mpaka mwisho, mheshimiwa," alisema Bi. Ostrander. Hakimu akaamuru.

"Risiti tuitume nyumbani?" aliuliza mtu wa kampuni kwenye mashine.

"We! Msilete kitu nyumbani," Roscoe akacheka. "Hajui lolote. Mwacheni na barua zake, anajiona wakili. Akijua nalipa, sitalala ndani."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Hakimu hakuchukua muda. Deni limekufa na limebaki limekufa. Kampuni imlipe Bi. Hatcher fidia kwa kumsumbua baada ya barua yake, na imlipe wakili wake. Nadine alipiga makofi mpaka akanyamazishwa.

Nje, theluji ilikuwa imeanza. Roscoe alimfuata mkewe ngazini, kofia mkononi.

"Vee, tumeshinda. Si tumeshinda? Yamekwisha, twende nyumbani."

Verlene aligeuka. Hakupandisha sauti.

"Wale wa kampuni niliwauliza swali, wakaninyamazia. Ni wageni, sikutegemea wema wao. Wewe ulinijibu, Roscoe. Ulinijibu uongo kila siku, ukiwa mezani kwangu."

Kisha akamwuliza Nadine kama kile chumba chake cha juu bado kiko wazi.