Boti ya Mwalimu Osewe

Siku hiyo nilikuwa natafuta kazi, si elimu. Madam Nzembi, mwalimu mkuu wa shule moja ya kanisa kule Kawangware, alitaka mtu wa kutembeza wanafunzi wake mtoni kila Ijumaa, awafundishe mazingira, historia na nguvu za mvuke. Mwalimu Osewe, anayetufundisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni hapa mtaani Raila, akanitaja mimi. Basi nikamfunga mwanangu Audrey mgongoni, nikavaa viatu vya kuazima, nikaenda kujaribiwa.

Tulianza na mazingira. Mto wetu hauna shida ya vifaa vya kufundishia.

"Ticha, hiyo inaelea ni nini?"

"Kiatu."

"Na ile?"

"Ile usiiangalie sana. Andika: uchafuzi."

Historia nikaifundisha pale reli inapoonekana, jinsi mkoloni alivyoipitisha bila kutuuliza, na sisi tukaja kukaa kando yake bila kumuuliza. Watoto walicheka. Madam Nzembi hakucheka. Huyo ni mama wa kanisa anayekataa hata uji uliolala, eti umeanza kuwa pombe.

Ikabaki mvuke. Mwalimu Osewe alikuwa fundi wa reli kabla ya kupunguzwa kazi mwaka jana, 1993, na maringo yake hayakupunguzwa. Alikuwa ameunda boti kwa mabati, pipa na bomba la shaba. Tukapanda pale mto unapoingia bwawa la Nairobi Dam: yeye, Madam, watoto wanne, mimi na Audrey. Wengine wakangoja ukingoni.

Boti ilikohoa hadi katikati ya maji. Halafu pale bomba linapoungana na pipa pakaanza kulia ssss, mvuke ukatoka, tukasimama.

"Mwalimu, makasia yako wapi?" Madam akauliza.

"Madam, hii ni boti ya mvuke. Makasia ni matusi."

"Basi tutalala hapa na heshima yako?"

Osewe akapapasa mifuko akitafuta kitu cha kuziba. Alipata kalamu na njugu.

Mimi mlio ule niliujua tangu utoto. Dawa yake pia niliijua. Lakini nikiigusa tu, Madam ataniuliza nimeijulia wapi, na kazi ndiyo hiyo inaenda. Nisipoigusa, nani atamwajiri mtu aliyeacha watoto wa wenyewe katikati ya dam?

Nikatoa ugali wa Audrey kwenye kikapu, nikaukanda kwa maji, nikauzungushia pale palipovuja, nikafunga kwa kipande cha leso. Mlio ukakatika. Boti ikakohoa, ikasonga.

"Mvuke ni kama mtoto mtundu," nikawaambia watoto. "Ukipata mwanya, unatoroka. Ukizibiwa, unasukuma, na tukiupa njia moja, utatusukumia boti."

Wakaandika wote.

"Filister," Madam akasema polepole, "hiyo umefundishwa ngumbaru?"

"Ndiyo!" Osewe akadakia. "Ni silabasi mpya!"

Uongo ulikuwa umeshapikwa. Kazi yangu ilikuwa kuumeza tu. Lakini watoto walikuwa wananitazama na kalamu zao juu, tayari kuandika chochote.

"Hapana, madam. Ni mama yangu. Alikuwa anapika pombe ya chang'aa kule Siaya, mimi ndiye niliyekuwa naziba chungu kwa ugali pale bomba lilipoingia. Ilinisomesha mpaka darasa la sita. Polisi walipovunja chungu, shule nayo ikaisha."

Osewe akafunga macho. Msichana mmoja akauliza "chang'aa" inaandikwaje, akapigwa kiwiko na mwenzake.

Tulipofika ukingoni, Madam akawaangalia watoto waliokuwa wamebaki.

"Hawa wengine pia wanangoja kufundishwa," akasema. "Ila wewe useme kilikuwa chungu cha maharagwe."

"Cha maharagwe hakina bomba, madam. Wataniuliza."

"Kwa hivyo utasema nini?"

"Nitasema ni cha mama."

Akainua mkono, akamfuta Audrey masizi shavuni.

"Ijumaa, saa mbili asubuhi," akasema. "Usichelewe, mwalimu."