Mabehewa Sita Bila Mashini

Kwa Nkambo Wivine, pale Makomeno, bridge, karata za wawili dhidi ya wawili, inachezwa kwa lugha ya reli. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa treni, basi nyumba nzima ikarithi: wingi wa karata za rangi moja ni mabehewa, na ubora wake ni mashini ya kuvuta, yaani wale wakubwa watatu, asi, mfalme na malkia. Ukiwa na piki sita, zile shupaza nyeusi, wawili wa wakubwa hao wakiwemo, unafungua mnada kwa kishindo: "Piki mbili!" Ukiwa na mabehewa matupu, funga mdomo.

Na kufunga mdomo ndiko kulikomshinda mjukuu wake, Elisée. Jumapili iliyopita alitangaza treni isiyo na mashini, Nkambo, mwenzake mezani, akamwamini, wakaanguka vibaya.

"Ukinidanganya tena," Nkambo akamwambia, "Gracia ataikala kwa kiti yako."

Leo binamu yake Gracia alikuwa nyuma yake, andazi mkononi, akisubiri kama mrithi kwenye matanga.

Mgao wa mwisho, Elisée akainua karata zake. Piki sita! Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa kumi. Treni ndefu mpaka Luano, na mashini hata ya kuomba hakuna. Ulimi ukamwasha.

"Weye mutoto, unafikiri ao unasali?" akamchokoza Papa Anaclet, mpinzani wao kutoka Kampemba, aliyekuja na mchezaji mwenzake.

"Nasali juu yako, Papa. Iko vile tu." Kisha Elisée akatangaza: "Pasi."

Anaclet naye akapita. Nkambo akafungua kwa keri, zile kopa nyekundu. Elisée akajibu piki. Nkambo akaruka ngazi moja ya mnada kuonyesha mkono wake una nguvu. Elisée akarudia piki. Nkambo akamtazama juu ya miwani.

"Piki ine," akafunga mnada, kisha akalaza karata zake mezani ili mjukuu acheze.

Piki zake zilikuwa mbili tu: asi na mfalme.

Anaclet akapiga paja. "Mama Wivine! Na piki mbili unamupandisha mutoto mpaka kule?"

Elisée akacheza asi, akacheza mfalme. Piki za wapinzani zikapukutika, akabaki malkia peke yake. Akawaachia mzunguko wa huyo, na mingine miwili. Kisha zile piki zake maskini, tisa, nane, saba, zikaanza kuvuta moja moja, mpaka ahadi ya Nkambo, mizunguko kumi kati ya kumi na mitatu, ikatimia bila kupungua.

Elisée akamgeukia bibi yake.

"Nkambo, ulijua namna gani?"

"Ungekuwa na mashini, ungesema mwanzo. Ulinyamaza. Kisha ukasema piki mara mbili, basi mabehewa iko mingi." Akagonga asi kwa kidole. "Na mashini, niliiona kwangu."

Maneno yote ya Elisée ya miaka yote, na bibi huyu alikuwa amesikiliza hata kimya chake.

"Na kiti yangu?" Gracia akauliza.

Nkambo alikuwa tayari anachanganya karata.

"Kamata andazi ingine, Gracia."