Salfa Kwenye Ndoo ya Selina

Selina alikuwa ameshaketi kwenye bajaji, ndoo ya dawa kaibana kati ya miguu, mumewe Pantaleo alipotoka dukani akashika ubavu wa bajaji.

"Leo tena, Mama Beno?"

"Leo tena. Mvua ya juzi imeiosha yote."

"Na lazima iwe jioni?"

"Jua linaiua, Baba Beno. Nimekwambia mpaka nimechoka. Dereva, twende."

Bajaji ikakata kona. Mimi nilikuwa hapo barazani natengeneza mabomba ya kupulizia dawa, kazi niliyoishika nilipoingia Bongo safari hiyo. Uso wa yule bwana ulikuwa wa mtu aliyemeza uji wa moto mbele za wageni.

Pantaleo aliuza dawa za ukungu za viwandani, na Kariakoo walimjua. Mkewe akawa anatengeneza ya kwake: mafuta ya mwarobaini, maji ya vitunguu saumu, sabuni kidogo. Alimpelekea Nurdin, mkulima wa bamia bonde la Msimbazi. Majani ya bamia zake yalishikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama mtu kamwagia sembe, na wateja wake hawakutaka bamia zenye dawa ya dukani. Dawa ya Selina ilizuia kweli, ila haikai. Mvua ikinyesha, rudia. Jua likichoma, rudia.

Huko kurudia ndiko kulikomkaa Pantaleo kooni.

"Mzee, dawa yangu mtu anapuliza, anakaa zake. Hii yake mbona inataka aende kila mara? Anarudi giza limeingia, ananuka vitunguu saumu. Na yule Nurdin kapita hapa jana, ananuka hivyo hivyo!"

"Si dawa ni moja?"

"Wewe hujaoa, hujui kitu."

Kweli sijaoa. Nikarudi kwenye bomba langu.

Siku nyingine nimetoka kunywa chai, narudi nakuta ndoo imeshaondoka na Selina, na kopo la salfa, ile dawa ya unga wa njano ya dukani kwa Pantaleo, liko wazi barazani. Nikalifunika tu. Sikulifikiria.

Baada ya hapo Selina akawa anaenda bondeni tangu asubuhi mpaka jioni, na nyumbani hasemi neno. Pantaleo akashindwa kuvumilia. Akafunga duka mchana kweupe, akanivuta nimfuate.

Bondeni tulimkuta mwanamke kakaa kwenye tuta, bomba mgongoni. Mwanne, mke wa Nurdin.

"Shemeji! Kumbe una miguu? Tulidhani umeota mizizi Kariakoo."

"Nurdin yuko wapi?"

"Yuko sokoni anauza. Jioni akija hutukuta tumeshamaliza. Mimi mstari huu, mkeo ule. Yeye kazi yake kututwangia vitunguu tu, basi mikono inanuka mpaka kitandani!"

Akacheka peke yake. Pantaleo alikuwa anatazama bamia. Majani yalikuwa ya kahawia, yamejikunja kingo kama karatasi iliyopitiwa na moto. Hakuuliza kilichotokea. Kila siku anawakataza wateja: salfa usichanganye na mafuta, utaunguza majani.

Selina aliinuka katikati ya mistari, kisu mkononi.

"Ndoo yangu inanuka kiberiti. Nimeiosha, haitoki. Nani mwingine ana salfa karibu na ndoo yangu?"

"Nilitaka ikae majanini. Upulize mara moja, urudi nyumbani."

"Ungeniambia tu nirudi."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," akasema Selina, "halafu ningerudi."

Akainama, akaendelea kukata majani yaliyoungua.

Selina alihama mwezi huo huo. Kapanga chumba Magomeni, na yeye na Mwanne wanapulizia bustani za watu jioni. Nurdin aling'oa bamia, akapanda mchicha. Beno yuko shule ya bweni, likizo anaenda kwa mama kwanza. Pantaleo bado ana duka, na bado anawakataza wateja wasichanganye salfa na mafuta. Mimi niliondoka Dar kabla ya masika. Sasa niko Makambako, natengeneza mabomba.